109 dhidi ya Mkonga: Kuhakiki Ubishi wa Kusini

Ubishi wa Land Rover na Land Cruiser ni utanzu wa fasihi simulizi. Sitanii. Una wasanii wake, una hadhira yake, una mahali pake: kijiwe cha kahawa Mtwara mjini, foleni ya pantoni pale Kilambo watu wakisubiri maji ya bahari yajae, kivuli cha mkorosho huku injini inapoa. Una na kanuni ambazo hakuna aliyeziandika lakini kila mshiriki anazijua. Usikubali kushindwa, hata kidogo. Ukizidiwa hoja, taja safari. Na safari ikitajwa, iwe ya masika, iwe na tope mpaka milangoni, na gari la mwenzako liwe limeachwa njiani. Mwenye tope refu ndiye mshindi.

Anayezijua tungo zetu za kale atautambua mchezo huu mara moja. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa zinapigana, Muyaka bin Haji na washairi wa upande wa pili walikuwa wanarushiana mashairi kama wanavyorushiana risasi. Huyu anatamba, yule anajibu, na jibu lazima lishike neno la mwenzio na kuligeuza. Magazeti yetu yakaja kurithi tabia hiyo. Kijiwe cha madereva kimeirithi pia, ila badala ya mji na jumbe wake kuna injini na mwenye kuiendesha.

Tena malumbano haya hayakuanzia kwetu. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Toyota walitoa gari lao la mtindo wa jeep mwaka 1951, wakaliita Toyota Jeep BJ. Mwaka 1954 mkurugenzi wao wa ufundi, Hanji Umehara, akalibatiza Land Cruiser, na kwa maelezo yake mwenyewe alitafuta jina ambalo lisingeonekana duni mbele ya lile la Waingereza. Kwa lugha yetu: Solihull walitunga, Japani wakajibu. Hata neno la kwanza, Land, wamelishika vilevile, kama mshairi anayeanza beti lake kwa kituo cha mwenzake.

Basi, utanzu huu mimi naupenda, lakini kupenda kitu hakukuzuii kukihakiki. Nimeusikiliza kwa miaka na naona una kasoro mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kimbinu: unalinganisha babu na mjukuu. Ya pili ni nzito zaidi, nitaifikia taratibu, maana inahusu nani anapewa sifa na nani ananyimwa.

Tuanze na babu na mjukuu. Mtu wa Land Rover akisema "Land Rover", kichwani ana 109, ile ndefu ya Series II na III, taa zake, milango yake ya kufungwa kwa bolti, kioo cha mbele kilichokatwa katikati. Mtu wa Land Cruiser akisema "Land Cruiser", kichwani ana mkonga, yaani hadi topu ya miaka ya tisini yenye bomba la hewa lililopanda pembeni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Sasa jamani, Series III ilitoka 1971. Mkonga wenye injini ya 1HZ ulitoka 1990. Kati yao kuna karibu miaka ishirini. Ni sawa na kumchukua Muyaka ukamshindanisha na Kezilahabi wa *Kichomi*, kitabu cha 1974, halafu ukasema mmoja hajui vina. Labda hoja ipo, lakini si hiyo.

Mizani ya haki inataka rika kwa rika. Kwa hiyo chukua 109 ya Series III ya dizeli, uiweke na mwenzake wa wakati ule, Land Cruiser HJ47 iliyotengenezwa kuanzia 1980 mpaka 1984. Hapa takwimu hazina huruma. Injini ya dizeli ya Land Rover ina cc 2,286, silinda nne, nguvu ya farasi 62. Ya HJ47, ile wanayoiita 2H, ina cc 3,980, silinda sita, na nguvu ya farasi mia na ushei. Ukija kwenye nguvu ya kuzungusha, ambayo ndiyo inayolitoa gari mchangani, Land Rover ina newtonmita 140 hivi. Mwenzake yapata 240. Hata ukichukua Land Rover ya petroli, nguvu ya farasi inapanda mpaka 70 tu, na kiu ya mafuta inapanda kuliko nguvu.

Watu wa Land Rover wakisikia hesabu hizi husema karatasi haipandi mlima. Mimi nasema karatasi hupanda mlima, tena huo wa kwenda Newala, ukijua kuisoma. Kupuuza cc na farasi kwenye ubishi wa magari ni kama kupuuza mizani kwenye shairi la mapokeo. Hesabu ya mizani haikuambii kama shairi ni zuri, lakini asiyeijua hesabu hawezi kukuambia mshairi kakwama wapi. Zile newtonmita mia zilizopungua zina maana moja kamili kwenye uwanda wa Makonde: dereva wa 109 aliyebeba magunia ya korosho na abiria kumi juu yake anapanda kwa gia ya kwanza, tena kwa wenzo mwekundu uliovutwa nyuma, polepole, huku utingo anatembea pembeni na gogo la kuzuia tairi. Mwenye HJ47 anapanda kwa gia ya pili na anapiga stori.

Kuna takwimu nyingine ambayo kijiweni haitajwi kabisa, nayo ndiyo naipenda kuliko zote. 109 na mkonga huvaa tairi ya saizi moja: 7.50 kwa 16. Kiatu kimoja, miguu miwili tofauti. Barabara ya kwenda Msimbati na Ruvula, upande wa Ghuba ya Mnazi, ni mchanga, na mchanga haujali farasi mia. Unajali uzito unaokanyaga kila inchi ya tairi. 109 ya bodi ndefu ina uzito wa tani moja na robo tatu hivi. Hadi topu ya mkonga inapita tani mbili kabla hujaweka mzigo, na sehemu kubwa ya uzito huo imekaa mbele, kwenye injini ya silinda sita. Kiatu kile kile, mwili mzito zaidi, pua nzito zaidi. Ndiyo maana kwenye mchanga mkavu wa saa nane mchana mkonga ukiinamisha pua umeinamisha kweli, na dereva asiyepunguza upepo wa tairi mapema atachimba mpaka jioni. Land Rover yenye nguvu ndogo hupaa juu juu kama kuku, mradi usiizimishe injini katikati. Hapo sasa nakubali: safari ile ya mzee wa Land Rover kijiweni, iliyoacha Toyota nyuma kwenye mchanga, inaweza kuwa ya kweli kabisa. Yeye ndiye hajui kwa nini ni ya kweli. Atakuambia ni chuma cha Mwingereza. Kumbe ni wepesi.

Na chuma chenyewe hebu tukiangalie, maana uongo mtamu kuliko wote upo hapa. "Land Rover haili kutu." Bodi ya Land Rover ni alumini, kwa sababu baada ya vita vikuu vya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma kwa matumizi ya kiraia, na alumini ya viwanda vya ndege ilikuwepo. Yaani sifa tunayoipenda ni matokeo ya mgawo. Sawa, alumini haili kutu. Lakini chesi iliyo chini ni chuma, na ukuta ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma, na pale alumini inapogusana na chuma kwenye hewa ya chumvi ya Mikindani au Msimbati, metali hizi mbili hulana. Utaona Land Rover imesimama nje ya nyumba, bodi inang'aa miaka arobaini baadaye, watoto wanaichezea. Inama utazame chini: chesi imekuwa biskuti. Land Cruiser za umri ule hazikuwa na ujanja huo. Zilioza waziwazi, milango kwanza, kisha sakafu, kila mtu akiona. Ukiniuliza kipi bora, gari linalooza ukiliona au linalooza kwa siri, nitakwambia kwa anayenunua la mtumba, la kwanza ni rafiki wa kweli zaidi.

Halafu kuna suala la kuchomelea. Fundi wa Masasi au Tandahimba mwenye mashine ya kawaida ya kuchomelea anaweza kuziba mlango wa Toyota uliotoboka kabla ya adhuhuri. Alumini ya Land Rover hachomelei, ataipiga ribiti. Zile ribiti zilizojipanga ubavuni mwa Land Rover kuukuu kama makovu ya jando zimetokana na hilo. Kwa hiyo hata kwenye bodi, eneo ambalo wapenzi wa Land Rover huona wameshashinda kabla ya mchezo, matokeo yamechanganyika.

Sasa nije kwenye kasoro ya pili.

Kama 109 ilikuwa dhaifu kwenye injini, inayooza chini kwa siri, mbona Kusini nzima inaikumbuka kama gari lisilokufa? Jibu la kijiwe ni moja: uimara. Mimi nakataa. Hilo neno limetumika vibaya, na utumizi wake mbaya umewaibia watu haki yao. 109 ilikuwa inakufa kila wiki. Kilichokuwa hakifi ni mtu aliyekuwa anaifufua.

Chukua ekseli ya nyuma. Land Rover zote za kabla ya 1972 hivi, walipoanza kuweka ekseli ngumu zaidi ya Salisbury kwenye 109, zilikuwa na sifa mbaya ya kukata hafu shafti. Kuikata ilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba dereva mwenye akili alitembea na ya akiba, amefunga kwa kamba nyuma ya kiti. Ingekuwa gari jingine, hapo safari imekwisha. Lakini wahandisi wa Land Rover walikuwa wamelipanga tairi lisishikwe na shafti. Linashikwa na kikombe chake. Kwa hiyo unafungua bolti sita za kwenye kikombe, unaivuta shafti iliyokatika, gari limesimama kwa tairi zake zote nne bila hata jeki. Huna ya akiba? Bonyeza kitufe cha njano kwenye sakafu, tairi za mbele zichukue kazi, nenda nyumbani ukiburuta nyuma. Betri imekufa? Toa hendeli chini ya kiti, zungusha mbele mpaka mkono ushike moto. Kulikuwa na mantiki ndani ya udhaifu ule: gari lilikuwa linaharibika mahali ambapo binadamu mwenye spana mbili anaweza kufika.

Huo si uimara. Huo ni kutengenezeka, na ni tabia tofauti kabisa. Uimara ni sifa ya kiwanda. Kutengenezeka ni sifa ya kiwanda na fundi kwa pamoja, na kadiri spea zinavyoadimika, sehemu ya fundi inakua mpaka kiwanda kinabaki jina tu. Miaka ya mwanzo ya themanini, fedha za kigeni zilipokauka, spea kutoka Uingereza zilikuwa hadithi. Gari lililotembea Mtwara mwaka ule lilikuwa na springi iliyotoka kwenye gari jingine, bushi za raba ya tairi, na gasketi iliyokatwa kwa mkasi kwenye karatasi ngumu. Ukilisifu hilo kwamba ni kazi ya Solihull, umemnyang'anya fundi wake mashairi yake ukampa mchapaji.

Na wa kunyang'anywa zaidi ni utingo. Fasihi ya kijiwe ina mashujaa wawili tu, gari na dereva. Utingo hutajwa kama mchekeshaji: alianguka kwenye tope, alisahauliwa kwenye kivuko, alilala juu ya mzigo akanyeshewa. Ilhali yeye ndiye aliyeyaweka makuti chini ya tairi mchangani Msimbati, ndiye aliyetangulia kwenye maji kupima kina kwa miguu yake mwenyewe kabla gari halijaingia. Kile kina kilichoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda kama uwezo wa gari kuvuka maji, kwetu kilikuwa kinapimwa kwa magoti ya kijana asiyelipwa mshahara wa mwezi.

Barabara nayo inafaa kuwekwa kwenye ubishi huu kama mhusika, si kama mandhari. Kusini haikuzaliwa bila njia, ilinyang'anywa. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, uliiachia Mtwara bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikuota kama walivyoota wao. Reli ilifungwa 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru, mataruma yakang'olewa. Bandari ikabaki inatazama bahari na nyuma yake hakuna cha kuvuta mzigo isipokuwa tairi. Kwenda Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi, na katikati yake upo Mto Rufiji, uliokuwa ukivukwa kwa pantoni pale Ndundu. Mvua zilipokaza, pantoni haikupita, na mkoa mzima uligeuka kisiwa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Hata baada ya hapo kipande cha Ndundu kwenda Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kuwatesa watu kwa miaka zaidi ya kumi.

Ukilijua hilo unaelewa kwa nini watu wa hapa wanasimulia magari kama watu wa pwani ya kaskazini wanavyosimulia majahazi. Gari lilikuwa ndicho chombo. Na unaelewa kwa nini ubishi wenyewe una joto lile: anayeisifu Land Rover yake anakuambia kwamba alifika wakati serikali ilikuwa haifiki.

Turudi kwenye mizani, maana kuna mpambano wa pili ambao kijiwe huuruka kabisa, na ndio wenye haki zaidi. Mwaka 1983 Land Rover walitoa One Ten. Mwaka uliofuata Toyota wakatoa familia ya 70, ambayo ndani yake ndimo alimozaliwa mkonga. Mwaka 1990 wote wawili wakabadilisha moyo wa gari: Land Rover ikapata jina la Defender na injini ya 200Tdi, Toyota wakaweka 1HZ. Hapa ndipo rika kwa rika.

Na hapa Land Rover haiaibiki hata kidogo. 200Tdi ina cc 2,495 tu, lakini ina tabo na nguvu ya farasi 107, na newtonmita 255. 1HZ ina cc 4,164, haina tabo, farasi 130 hivi, newtonmita 285 hivi. Yaani Mwingereza kwa injini inayokaribia nusu anatoa karibu sawa na Mjapani. Springi za Defender ni za koili, zile za mviringo. Mkonga wa wakati ule bado ulikaa kwenye springi za vyuma vilivyopangana mbele na nyuma, unakurusha kama mfuko wa mkaa. Defender inavuta tairi zote nne muda wote. Kwenye mkonga unashuka, unafunga hubu za mbele kwa mkono, ndipo urudi kuvuta gia, na wengi hukumbuka kufanya hivyo wakiwa tayari wameshazama.

Kwa karatasi, Defender ameshinda. Barabarani Kusini ameshinda mkonga, tena kwa mbali, na sababu inachekesha: mambo yale yale yaliyoipa 109 moyo wa watu, Land Rover waliyaacha na Toyota wakayaokota. 200Tdi ilikuwa injini nzuri iliyotaka dizeli safi na tabo ya kutunzwa. 1HZ haitaki kitu. Haina umeme wa maana, haina tabo, inapumulia juu kupitia mkonga ambako vumbi ni haba, na hutumia dizeli ya kwenye dumu bila kulalamika sana. Inapunguza makali yake makusudi ili idumu. Kuna washairi wa namna hiyo, hawakustaajabishi hata siku moja, na miaka thelathini baadaye beti zao ndizo watu wanazozikumbuka. Toyota waliendelea kuitengeneza 1HZ kwa masoko kama yetu muda mrefu baada ya Defender ya zamani kufungwa rasmi, Januari 2016. Ongeza biashara ya ruksa ya zama za Mzee Mwinyi na spea za Toyota zilizoanza kumiminika kupitia Dubai, na mchezo ukawa umekwisha. Sikatai kwamba mkonga ulikuja pia na hela za wafadhili. Namba za DFP zilikuwa nyingi kwenye magari ya miradi, na gari lililonunuliwa na mradi hutunzwa na mradi. Mwenye 109 yake hakuwa na mfadhili.

Lugha nayo imetoa hukumu yake, na imetoa kwa njia ambayo hakuna upande wa ubishi uliyoitegemea. Land Rover imepoteza soko lakini imeshinda neno. Polisi wakipita na Land Cruiser ya wazi nyuma, mpya kabisa, watu bado husema "difenda imepita". Jina la gari limekuwa jina la kazi. Na jina hilo halina utamu wa 109 hata kidogo. Baada ya vurugu za gesi za Mei 2013, mtu wa Mtwara akisikia "difenda" anasikia kitu kingine kabisa. Toyota nao wana yao. Land Cruiser ya anasa, ile ya wakubwa, imeitwa shangingi, neno lililochukuliwa kwa mwanamke wa mjini mwenye makeke, na ndani ya neno hilo moja kuna wivu, kejeli na hesabu ya kodi yetu. Wakati huohuo ndugu yake wa kijijini, mwenye chesi ya ukoo uleule, ameitwa mkonga, jina la pua ya mnyama wa porini anayeheshimiwa. Familia moja ya kiwandani, kwetu ni tabaka mbili. Sijaona takwimu ya kiwanda inayoweza kukueleza hilo.

Ndipo ninapogombana kidogo na waandishi wenzetu, hasa wa hadithi fupi tunazozisoma mtandaoni. Mwandishi atakuambia "gari likasimama, akashuka mzee mmoja". Gari gani? Msomaji wa Kusini anataka kujua, na hataki kwa ajili ya mapambo. Ukiandika 109 yenye ribiti ubavuni, umeshaniambia mwaka, umeshaniambia hali ya mwenye gari, umeshaniambia kuna fundi mahali fulani. Ukiandika mkonga wenye namba za DFP, umeniambia kuna mkutano wa kijiji na posho. Ukiandika shangingi, sihitaji kuambiwa kama mzee aliyeshuka ana kitambi. Na sauti! Wenyeji hulitambua gari kwa mlio kabla halijakunja kona. Dizeli ya 109 hugonga kama mtwangio. 1HZ huguna kwa chini, mfululizo, kama mtu anayesali rohoni. Mwandishi anayeandika "muungurumo wa gari" amekuwa mvivu pale ambapo wahusika wake si wavivu.

Watu husema lami imeumaliza ubishi huu, kwamba siku hizi hata gari dogo la chini linafika Mtwara kwa siku moja na dereva amevaa kandambili. Kwa sehemu ni kweli. Lakini Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, na kwa siku kadhaa Kusini ikarudi kuwa kisiwa. Msimbati nako mchanga haujaenda popote. Kwa njia ile, na kwa hela yangu, ningechukua mkonga wa 1HZ, nipunguze upepo wa tairi kabla ya mchanga kuanza, na nyuma nipakie watu wawili wenye majembe. Nao nitawaandika majina.